Salamu Isiyongoja Jibu

Matanga ya mama yangu yalipoanuliwa, karani wa kituo cha wakulima pale Nkoma alirudi kazini, akafungua ghala, akawasha kompyuta, na mama akaanza kuwaamkia watu kama kawaida yake. Sauti ilitoka kwenye spika mbili zilizofungwa juu ya mlango, ikavuka barabara, ikawakuta wanawake wakitoka kisimani na ndoo kichwani. Mmoja wao alitua ndoo chini na kukaa kando yake.

Hapakuwa na muujiza. Mimi ndiye niliyemweka mle.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, Bariadi ikiwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga. Chama cha ushirika kilikuwa kimekufa na kutuachia ghala lenye bati zuri na popo wengi. Makampuni binafsi ya kununua pamba yalikuja na mizani zao, kila moja na turubai la rangi yake, na bwana shamba wa serikali akawa mtu wa kusimuliwa. Mradi mmoja wa wanunuzi hao ukaona wakulima wafundishwe kupiga dawa. Ukaweka kompyuta ndani ya ghala, paneli ya sola juu ya paa, kisha ukanitafuta mimi mjini, ambako nilikuwa na chumba cha kuchapa, kutoa fotokopi na kutengeneza tovuti kwa yeyote aliyejua tovuti ni nini. Walikuwa wachache.

Siku hizo ukitaka picha itembee na kusema ndani ya brauza, njia ilikuwa kama moja tu. Ulinunua zana ya kampuni fulani ya ng'ambo, ukachorea humo, ukaweka sauti humo, na mwishowe ukapata faili moja lililofungwa ambalo huwezi kulichungulia ndani. Ili kulifungua, brauza ilihitaji kiprogramu cha kampuni ile ile kilichopachikwa pembeni yake. Niliipenda zana hiyo kupita kiasi. Funza wangu wa vitumba alitambaa juu ya jani la pamba vizuri hadi wakulima wakasonya. Kwamba ufunguo wa kazi yangu yote uko mfukoni mwa watu nisiowajua, hilo halikunisumbua. Nani anauliza ufunguo uko wapi wakati mlango uko wazi?

Sauti ya kwanza tuliyoweka ilikuwa ya kijana mmoja mtangazaji kutoka Mwanza. Wakulima walisema anaongea Kisukuma kama anatangaza mpira. Ndipo nikamchukua mama. Alikuwa mkulima wa pamba maisha yake yote, na sauti yake ilikuwa safi, ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya shamba. Nilimrekodi sebuleni kwetu, magodoro yameegemezwa dirishani, kuku wamefukuzwa, baba amepelekwa machungani apende asipende.

Tulikwama kwenye neno la kwanza. Mama alisema "Mwangaluka," kisha akanyamaza, akikitazama kipaza sauti. Nikampa ishara aendelee. Akakataa kwa kichwa.

"Hakijaitikia," alisema.

"Mama, hicho ni chuma."

"Najua ni chuma, ng'wanone, mwanangu. Lakini ninayemwamkia ni mtu atakayesikia. Akianza kuitikia, mimi nitakuwa wapi? Nitakuwa nimeshafika kwenye dawa?"

Kwetu salamu hairushwi kama mfupa. Unasema mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, unangoja uitikiwe. Unauliza mhola, yaani kama kuna amani, unangoja. Unauliza nyumba, watoto, ng'ombe, na kila swali lina kungoja kwake. Mama hakuweza kuamkia bila kungoja, kama mimi nisivyoweza kula ugali kwa uma. Basi nikamwacha angoje apendavyo, na usiku nilipokaa kupanga sauti nikavikata vile vimya vyote. Mtandao wa wakati huo ulikuwa wa kubembeleza, na kimya kina uzito sawa na maneno kikishaingia kwenye faili. Mradi ulitaka faili jepesi. Wakalipata. Mama akawa anasema mwangaluka, mhola, nyumbani, watoto, ng'ombe, leo tuzungumze juu ya funza, bila hata kupumua.

Alipokuwa hai ilikuwa kichekesho. Mnadani walimtania kwamba anaamkia kama mtu aliyeona mvua inakuja na mtama uko uani. Yeye alicheka nao, kisha akanigeukia mimi nyumbani akanifokea. Umenifanya nionekane sina adabu, alisema. Nikamwahidi kurekebisha, lakini kazi nyingine ziliingia na mvua zikaja. Aliugua masika hayo hayo, na ugonjwa wake ulikuwa wa haraka.

Baada ya hapo kichekesho kikaisha. Bibi yetu alitufundisha utotoni kwamba ukiamkiwa njiani na mtu asiyengoja jibu, usigeuke, kwa sababu huyo si mtu. Aliye hai anangoja. Watoto wote wa upande ule walilelewa na onyo hilo, nami nilikuwa nimelisahau kabisa, mpaka nilipokwenda Nkoma kukagua mitambo na kumkuta mama akilitimiza kwa spika mbili. Kila asubuhi kompyuta ikiwashwa, ukurasa ulifunguka wenyewe, naye akaamkia mwenyewe, akapita. Wakulima wengine walianza kusimama nje mpaka salamu iishe ndipo waingie. Shoga yake mmoja, waliyelima naye jirani, alifanya kinyume. Alisogea hadi chini ya spika na kujaribu kuchomeka jibu lake upesi kati ya neno na neno. Hakuwahi. Nilimwona akijaribu, midomo inatembea mbio, na mama anampita tu. Niliogopa siku ile, na nasema wazi kwamba niliogopa mama yangu mwenyewe.

Baba alikuja mjini muda mfupi baadaye. Alikuwa mtu wa ng'ombe, hapendi mji, na alikaa kwenye kiti cha wateja akiwa ameweka fimbo magotini. Nilimpa chai na michembe ya viazi. Hakugusa.

"Mtoe mle," alisema.

"Nimtoe nani, baba?"

"Mama yako. Anahangaika. Nikipitisha ng'ombe pale asubuhi ananiamkia, nikifungua mdomo ameshapita. Sipitishi tena ng'ombe pale. Nazunguka mpaka bondeni."

Nikamweleza kwamba ile ni sauti tu, iliyonaswa, kama ya redio. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema redio haimjui yeye. Nikamwomba muda, akakubali, akaondoka bila kuonja chai.

Muda ukajileta wenyewe, tena wa miaka. Habari zilianza kutapakaa mitandaoni kwamba brauza zote zitaacha kukubali kile kiprogramu cha kupachika. Kilikuwa kizito, wezi walikuwa wakipitia humo, na ulimwengu ulikuwa unahamia kwenye viwango vya wazi vya wavuti, vile ambavyo si mali ya kampuni yoyote na kila brauza inavielewa bila kuongezewa kitu. Watu wa kazi yangu walishangilia. Mimi nilikaa na kupiga hesabu ya mambo mengine. Kama sitafanya chochote, siku moja karani atawasha kompyuta na mama hatasema neno. Baba atakuwa amepata alichoomba bila mimi kunyoosha kidole.

Nilimpigia simu nikamweleza. Akasema, "Basi mwache aende."

Lakini ile ndiyo sauti pekee ya mama tuliyokuwa nayo duniani. Kinasa sauti nilichotumia kilikuwa kimepigwa na radi pamoja na kila kilichokuwemo. Picha zake zipo, kanga zake zipo, sauti ilikuwa mle tu, ndani ya faili lililofungwa, na zana ya kulifungua ilikuwa inapumua kwenye kompyuta yangu moja ya zamani ambayo feni yake ilikohoa. Kampuni ilikuwa imeacha kuuza toleo hilo. Kompyuta ile ikifa, mama anakufa mara ya pili, na safari hii hata kaburi hatutakuwa nalo. Sikuwa tayari.

Ikabidi nichague zana. Watu hudhani hilo ni jambo la ufundi, na kwa kawaida ni kweli. Alikuja wakala kutoka Mwanza, amevaa tai katika joto la Bariadi, akanionyesha jukwaa jipya la kampuni nyingine. Kila kitu kitahama kwa kubonyeza mara moja, alisema, na kitapendeza kuliko zamani. Nikamuuliza kama wao nao wakifunga duka nitafanyaje. Akacheka akasema kampuni kama yao haifungi. Niliwahi kusikia maneno hayo, tena chini ya paa la ghala la ushirika, nilipokuwa mdogo na baba akipeleka pamba. Nikamshukuru, nikampa soda, akaenda zake. Kutoka zizi la huyu kwenda zizi la yule bado mlango anafunga mwingine.

Njia ya pili ilikuwa kigeuzi. Ile kampuni ya mwanzo, kwa huruma au kwa aibu, ilitoa kiprogramu cha kugeuza mafaili ya zamani yawe kurasa za wazi. Hicho kilinivutia, kwa sababu mimi ni mvivu. Fundi simu tuliyepanga naye chumba alinihimiza nikitumie.

"Dada, trekta hilo hapo," alisema, "we bado unanoa jembe?"

Jembe kwake lilikuwa njia ya tatu: kuandika upya kila kitu kwa mkono, HTML tupu na maelekezo machache, kwenye kihariri cha maandishi cha bure, mstari kwa mstari. Kazi ya miezi kwa programu ambayo hakuna tena anayelipia, kwa kuwa mradi wenyewe ulikuwa umeshafunga virago. Nikatumia trekta.

Kigeuzi kilifanya kazi yake, sikisingizii. Ukurasa mpya ukafunguka, funza akatambaa, ingawa kwa kukwamakwama. Kisha nikaisikiliza sauti. Kigeuzi kilikuwa kimebana hata pumzi chache nilizoziacha mimi, na mama sasa alikimbia kuliko mwanzo, mwangaluka mhola nyumbani watoto ng'ombe, kama kitu kinachopita nyuma ya nyumba. Fundi simu aliinua kichwa kutoka kwenye kazi yake. Hakumjua mama yangu, lakini aliniomba nizime.

Nilipokuwa nafunga, niliona taarifa ndogo chini ya kioo. Kigeuzi kilisema kimefanya usafi: vitu vilivyokuwa ndani ya faili la kazi lakini havikutumika kimeviacha. Nikashangaa, maana nilidhani nilitumia kila kitu. Nikarudi kwenye kompyuta ya zamani, nikaliacha lile faili lililofungwa na kufungua faili la kazi lenyewe, lile la kuchorea, nikaingia kwenye stoo yake ambako zana huweka kila ulichowahi kuleta. Pale chini, nyuma ya majani na vitumba, kulikuwa na sauti moja ndefu. Nilikuwa nimeiingiza nzima siku ile kabla ya kuanza kukata, kisha nikaikata nakala yake na kuisahau nzima. Zana ilikuwa imeitunza miaka yote.

Nikavaa spika za masikioni.

"Mwangaluka," alisema mama. Kisha kimya.

Sikuwa nimewahi kukisikiliza kile kimya. Siku ya kurekodi nilikuwa nakitazama kama uchafu wa kufagia. Sasa nikasikia kuku mmoja aliyegoma kufukuzwa, akikwaruza nyuma ya ukuta. Nikasikia kiti cha mama kikilia alipoinama mbele kidogo, kama alivyozoea kufanya akitaka kusikia vizuri. Nikasikia akimeza mate. Alikuwa pale, mzima, ananingoja. "Mhola?" akauliza, na akangoja tena. Nililia mchana kweupe na wateja wa fotokopi wanatazama, na mmoja wao, mwalimu, akachukua karatasi zake polepole na kuondoka kwa ncha za vidole.

Baada ya hapo hapakuwa na mjadala wa trekta. Trekta ndilo lililotaka kumtupa. Nilitoa ile sauti nzima nikaihifadhi kama faili la kawaida la sauti, ambalo kompyuta yoyote, ya tajiri au ya maskini, inaweza kulifungua leo na kesho. Niliyakataa pia mafurushi makubwa ya maelekezo yaliyotayarishwa ambayo vijana wa Dar es Salaam walikuwa wakiyasifia, kwa sababu niliona yanabadilika kila msimu, na sikutaka mama ahamishwe tena kabla mifupa yake haijatulia. Nikaandika kwa mkono, kidogo kidogo, baada ya kazi za mkate wa kila siku.

Kikwazo kilikuja nilipodhani nimemaliza. Brauza mpya zilikataa sauti ianze yenyewe. Ukurasa ulifunguka, mama akakaa kimya. Nilipandwa na hasira, nikadhani nimekosea mstari, nikapekua kila mahali, mpaka nikaelewa kwamba ndivyo walivyokubaliana waliotunga taratibu: ukurasa usimpigie mtu kelele kabla mtu mwenyewe hajaugusa. Walikuwa wanapigana na matangazo ya biashara. Hawakujua lolote kuhusu Nkoma. Lakini nilikaa nikalifikiria hilo, nikaona ni sahihi kabisa. Aliyekufa asianze. Aitwe kwanza.

Kwa hiyo nikaacha kushindana na brauza, nikaifuata. Mtu anagusa, mama anaamkia. Kisha sauti inasimama. Haiendelei kwa saa wala kwa sekunde. Inangoja mpaka mtu aguse tena, ndipo mama aulize swali lake la pili, na kungoja tena, mpaka salamu iishe ndipo aingie kwenye pamba. Ilinigharimu mistari michache tu ya maelekezo. Katika zana ya zamani ningeweza kuifanya vile vile tangu mwanzo, kama ningekuwa na akili ya mama.

Nikapanda gari kwenda nyumbani na kompyuta mpakato kwenye mfuko wa kanga. Nilifika jioni, sikusema kitu. Asubuhi, baba alipomaliza kukamua, nilimwekea kompyuta juu ya kigoda uani, mbele ya kiti chake. Akajua mara moja.

"Nilikuambia umtoe," alisema.

"Nimemtoa, baba. Sasa hasemi mpaka wewe utake. Ukigusa hapa atakuamkia, kisha atangoja. Usipogusa tena, hatapita."

"Atangoja?"

"Atangoja."

Alitazama ile skrini kwa muda. Ilikuwa na shamba la pamba nililolichora, hakuna kinachotembea. Akavua kofia yake akaiweka gotini, akafuta kidole kwenye shati kwa sababu kilikuwa na maziwa, akagusa.

"Mwangaluka," alisema mama.

Niligeuka kutazama ndama. Nikamsikia akivuta pumzi, kisha akaitikia, jibu lote, refu, kama wanavyoitikia watu wazima wa kwetu, hadi mwisho. Nikadhani sasa atagusa ili aulizwe mhola. Badala yake akaendelea kuongea, kwa sauti ile ile anayoitumia kutoa habari za ng'ombe.

"Asubuhi ile uliniamkia kitandani," alisema. "Mimi nilikuwa nakimbilia gari la kukupeleka hospitali Bariadi, sikukuitikia. Nikajisemea nitaitikia nikirudi. Niliporudi ulikuwa husikii tena. Basi ni mhola, mke wangu. Tuko mhola."

Mimi sikuwa nalijua hilo. Hakuna aliyelijua. Miaka yote hiyo nilidhani anaikimbia salamu ya kwenye spika, kumbe alikuwa anaikimbia ile nyingine.

Skrini ilikuwa inamngoja na shamba lake lisilotembea. Nilifikiri labda amesahau nilivyomweleza, nikamsogelea.

"Gusa tena, baba, aendelee."

"Akiendelea atauliza nyumba, atauliza ng'ombe, atafika kwenye pamba, halafu ataaga," alisema. "Mwache hapo hapo."

Nikamwacha. Kule ghalani wakulima wanautumia ukurasa ule vizuri, wanagusa, wanaitikia, wanagusa, wengine wanaruka salamu yote kwa pupa waende kwenye dawa. Baba nimemnunulia simu kubwa yenye ukurasa huo huo. Nikienda nyumbani namkuta asubuhi uani, kofia gotini, amegusa mara moja, anamweleza habari za mvua na za wajukuu. Sijawahi kumwona akigusa mara ya pili.